Makala Ambayo Hakuisoma

Katika wodi ya wanawake, kwenye kitanda cha pembeni karibu na dirisha, alilazwa mama mmoja ambaye kila aliyeingia alipata habari zake kabla hajaziuliza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Kisukari kilimletea kidonda, kidonda kikaingiwa na vijidudu, na vijidudu vikaanza kupanda. Mama huyo hakulalamika hata kidogo. Nesi alipokuja na sindano, mama alimgeukia jirani yake wa kitanda cha pili, mwanamke mwenye kidonda kama chake, akasema:

"Dawa hii unaiona? Ya mdogo wangu hii."

"Anauza dawa?" jirani akauliza.

"Auze! Mdogo wangu si mtu wa duka, shoga. Ameandika. Daktari wa hapa akitaka kujua mtu mwenye kidonda apigwe sindano gani, anafungua alichoandika mdogo wangu. Na wewe unayopigwa ni hiyohiyo. Kwa hiyo lala usingizi, uko mikononi mwa ukoo wetu."

Jirani alikuwa fundi cherehani. Cheko lilimtoka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu. "Basi akija nitampima shati. Mguu ukipona tu, shati lake ndilo la kwanza."

"Mpime vizuri, maana tumbo limeanza kuja mbele."

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa mkononi, akayasikia yote. Alitabasamu, akarekebisha kola. Saa ile hakuwa na habari kwamba lipo jambo la kuonea haya. Alichokiona ni fahari. Fahari hiyo sina budi kuieleza kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyozaa aibu.

Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Dada mtu aliacha shule akafua nguo za watu ili mdogo wake asiache. Kijana alisoma, akasoma tena, akaja kuwa mtafiti katika chuo cha tiba. Hakuwa daktari wa kupima wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu vya maradhi maabara na kuangalia ni dawa gani bado inaviua na ipi vimeshaizoea. Nyumbani walimwita Daktari wa Wadudu. Mtoto akiumwa kichwa shangazi mmoja alikuwa akisema, "Msimwamshe Daktari wa Wadudu, huyo mpaka kichwa kioteshwe kwanza." Alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu mpole, asiye mlevi, asiyepiga watu wala kutukana. Nayasema haya mapema ili msomaji asitazamie mhalifu mwenye pembe. Maovu mengi ya dunia hii hufanywa na watu wapole.

Idarani walikuwa watatu waliosoma pamoja tangu ujana. Mmoja alihamia ng'ambo, wakabaki wawili: yeye, na mwenzake ambaye kila mtu alimwita Mrefu, maana alikuwa akiinama kwenye kila mlango. Watatu hao walikuwa na utaratibu wao, wakauita kubebana. Anayeandika makala anaweka majina ya wote watatu. Leo wewe umeandika, umenibeba. Kesho nimeandika mimi, nimekubeba. Aliyebebwa hupelekewa makala kwa barua pepe siku mbili tatu kabla haijatumwa kwenye jarida, naye hujibu, "Safi sana, songa mbele." Jibu hilo halikuhitaji kufungua kilichotumwa.

Hivyo orodha ya kazi zake ikanenepa. Kwenye ukurasa wake wa chuo zilisomeka makala arobaini na tatu kuhusu magonjwa ya kuambukiza na usugu wa dawa. Alizoziandika kwa mkono wake hazikufika ishirini. Nyingine alizisoma akasaidia hapa na pale. Zilizobaki alibebwa tu. Mkuu wa idara alimsifu mbele ya wanafunzi, wageni walimpa kiti cha mbele, na mwaka ule jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ili apandishwe awe profesa. Kamati ilihesabu makala. Sikusikia kwamba ilizisoma. Kilemba cha ukoka ni kilemba kibaya kwa sababu hii: kinakaa kichwani sawasawa na kilemba cha kitambaa, mpaka jua litoke.

Jua lilitokea wodini.

Mguu wa dada haukupungua uvimbe. Bandeji ilipofunguliwa asubuhi moja, wekundu ulikuwa umevuka kifundo, na harufu ilimfanya fundi cherehani ageuze uso kwa adabu, akijifanya anatafuta kanga yake. Mdogo mtu alimfuata daktari wa wodi hadi kwenye meza ya manesi. Daktari alikuwa binti ambaye yeye aliwahi kumfundisha chuoni, na binti huyo aliendelea kumwita Mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo. Najua unachotaka kuuliza."

"Marahaba. Kwa nini hamjabadilisha dawa?"

Binti alishangaa kidogo. "Nimefuata ya kwako, Mwalimu. Hospitali yetu haina uwezo wa kuotesha usaha wa kila mgonjwa. Tulipoandika mwongozo wa tiba ya vidonda, tulichukua makala yenu. Ile mliyopima vijidudu vya vidonda vya hapahapa, mkaona dawa hii ya sindano bado inaviua vizuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyeisimamia kwenye kikao. Nikawaambia, huyu namjua, huyu hapimi ovyo."

Alitaka kuuliza, makala gani? Alikumbuka kwa mbali kichwa cha habari, barua pepe ya Mrefu, na majibu yake mwenyewe: Safi sana, songa mbele.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, hiyo."

"Niongeze siku za dawa au unashaurije?"

"Ngoja niitazame tena," akasema. Neno "tena" lilikuwa uongo, naye alilisikia likimtoka.

Alipofika ofisini hakuketi. Alifungua kompyuta akaisoma akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo la msiba ukutani. Jina lake lilikuwa la pili. Utangulizi ulikuwa mzuri, na hesabu zilipangwa vizuri pia. Kisha akafika kwenye sehemu inayoeleza namna kazi ilivyofanyika, akakuta sentensi moja fupi isiyoficha lolote: kwa sababu ya upungufu wa vifaa, vijidudu vilioteshwa kwenye visahani vya maabara ya mafunzo.

Akavuta kiti, akaketi.

Ili aibu yake ieleweke, lazima kieleweke kisahani. Vijidudu huoteshwa kwenye kisahani cha plastiki kilichomiminiwa agari, kitu kinachoganda kama jeli. Juu yake hupakwa usaha wa mgonjwa, kisha huwekwa kipande kidogo cha karatasi kilicholowekwa dawa. Dawa hutoka kwenye karatasi na kusambaa ndani ya jeli. Kama inaua, duara tupu hubaki kuizunguka karatasi, na mpimaji hupima upana wa duara hilo kwa rula. Likivuka kiwango, dawa inafaa. Sasa, jeli ikimiminwa nyembamba kupita kiasi, dawa haina pa kuzama; inakimbilia pembeni, duara linapanuka, na dawa dhaifu inaonekana shujaa.

Na visahani vya mafunzo vilikuwa vyembamba. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote chini ya jua, kwa sababu amri ilikuwa yake. Agari ilipoadimika alimwambia mtunza maabara, "Za wanafunzi mimina nusu. Hawa wanajifunza mkono tu, hakuna mgonjwa anayesubiri majibu." Amri hiyo haikuwa mbaya. Mrefu hakuijua, yeye alikuta visahani kwenye friji, akashukuru, akavitumia. Katika watu watatu waliotia majina yao pale, mmoja tu angeweza kuona kosa kwa kusoma sentensi moja, na huyo mmoja hakusoma.

Alimwendea Mrefu, akamkuta anakula biskuti juu ya karatasi za mitihani.

"Visahani vya makala ya vidonda ulivitoa maabara ya mafunzo?"

"Si niliandika? Hukuona?"

Aliangalia karatasi za mitihani. Mrefu akamtazama, kisha akafuta makombo mdomoni taratibu.

"Hukusoma."

"Vile ni vyembamba, Mrefu. Nusu ya kipimo."

"Nusu! Na wewe ulijua?"

"Nilijua vya wanafunzi. Sikujua umevitumia."

Mrefu akainuka, akafunga mlango. "Sikiliza, ndugu yangu. Yako mimi nimesoma zote? Wote tumebebana. Kamati yako inakaa wiki ijayo. Ngoja ikae. Ukishakuwa profesa tutaandika sahihisho, na sahihisho la profesa lina heshima zaidi. Ukiandika leo, tunaanguka wote kama nguo kwenye kamba iliyokatika."

"Dada yangu anapigwa dawa hiyo."

Mrefu akaketi tena. "Pole," akasema. Alimaanisha. "Basi mbadilishie dada yako. Nani atakuuliza?"

Hapo ndipo mtu huyu alipopimwa. Mrefu hakumpa bunduki wala sumu. Alimpa njia rahisi tu.

Alichukua usaha wa mguu wa dada yake akaupeleka maabara. Alipika agari kwa mkono wake, akamimina kisahani kimoja kwa unene unaotakiwa na kingine nusu, kama vile vya wanafunzi. Kesho yake akavitoa kwenye kabati la joto na kuviweka mezani kimoja kando ya kingine. Kwenye kisahani kinene duara lilikuwa finyu, vijidudu vimeikaribia karatasi kama watu waliozoea mbwa wa jirani. Kwenye chembamba duara lilipanuka, safi, limevuka kiwango. Kijidudu kilikuwa kilekile cha mguu uleule, na dawa ileile. Dawa nyingine aliyoiweka pembeni ilionekana kuua vizuri kwenye visahani vyote viwili. Alisimama pale muda mrefu. Wanafunzi walipita wakamsalimu, hakuwasikia.

Kisha akafanya kitendo ambacho, nikipewa nafasi ya kumtetea, sitaitumia. Alikwenda wodini akamwambia yule binti, "Nimeotesha usaha wa dada. Wake una usugu. Mbadilishie hii."

"Wake tu, Mwalimu? Au niangalie na wengine?"

"Kila mgonjwa ana vijidudu vyake," akajibu.

Sentensi hiyo ni ya kweli. Iko kwenye vitabu, naye aliwahi kuifundisha. Siku ile aliitumia kama mtu anavyotumia pazia. Binti aliandika dawa mpya ya dada, akamshukuru, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Fundi cherehani akaendelea na sindano ya zamani.

Dawa mpya haikukawia. Homa ya dada ilishuka, wekundu ukarudi chini ya kifundo, naye akaanza kuomba kitana na kioo. Lakini alipokuwa akipona, maneno yake yalipungua. Mdogo wake alipokuja na machungwa alimkuta ameketi, anamtazama jirani aliyelala amejikunja, jasho kwenye paji la uso. Siku hiyo fundi hakuuliza habari za shati.

"Keti," dada akasema kwa sauti ya chini. "Nikuulize."

"Niulize, Dada."

"Mimi nimebadilishiwa sindano."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ile haikuwa inanisaidia."

"Ndiyo."

"Huyu mwenzangu tumelazwa na kidonda kilekile. Mimi nimemwambia alale usingizi, dawa ni ya mdogo wangu. Sasa mimi nimeachishwa, yeye bado anapigwa." Alimkazia macho. "Dawa yako imekuwa mbaya kwenye mguu wangu tu?"

Alianza kumenya chungwa, akalimenya vibaya, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nilikufulia sare mpaka vidole vikachubuka," dada akasema, "na sikuwahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha. Nikipita sokoni najisifu kwa jina lako. Nimejisifu mbele ya huyu mgonjwa. Kama kuna kitu unakijua na umekinyamazia, basi mimi ndiye niliyemdanganya. Umenifanya mwongo nikiwa kitandani."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kitu kuhusu jirani wa kitanda cha pili, ambaye si wa kwao na hakuchuma.

Aliinuka, mikono bado inanata, akamtafuta binti. Alimkuta kwenye korido na rundo la mafaili kifuani. Alimweleza yote: visahani, nusu kipimo, sentensi ile moja. Alipofika mwisho binti alikuwa ameegemea ukuta.

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kupima unene wa agari. Ulitusimamisha nje ya maabara, mimi na wenzangu, kwa sababu tulimimina bila kupima."

"Nakumbuka."

"Ulipoiandika hii makala, hukuona?"

"Sikuiandika. Niliwekwa jina."

"Ulipoisoma, basi."

"Sikuisoma."

Binti alimtazama jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyokulia ikivunjwa. Hakumwita Mwalimu tena. Alisema tu, "Nina wagonjwa saba kwenye dawa hiyo," akaondoka kwa haraka, mafaili yakimponyoka.

Saba walibadilishiwa jioni ileile. Sita miguu yao ilipata nafuu. Wa saba alikuwa fundi cherehani, na kwake vijidudu vilikuwa vimeshafika kwenye mfupa. Walimkata vidole vyote vya mguu wa kulia na sehemu ya wayo. Daktari wa upasuaji alisema labda hata kama angebadilishiwa mapema ingekuwa hivyohivyo. Labda. Mtafiti wetu alilishikilia neno hilo siku kadhaa, kisha akaliachia, maana kila alipolishika alijiona ni mtu yuleyule aliyejibu kwamba kila mgonjwa ana vijidudu vyake.

Aliliandikia jarida makala iondolewe. Aliandika pia kwa kamati kwamba orodha waliyo nayo imejaa majina ya kubebana, akaomba jina lake litolewe kwenye kila makala ambayo hakuifanyia kazi. Mrefu aliacha kumsalimu. Mkuu wa idara alimwita akamfungia mlango, akamwambia amekiaibisha chuo, na akashangaa alipojibiwa, "Ni kweli." Uprofesa haukuja, na sitaki msomaji auhuzunikie. Kutoa ushahidi dhidi yako mwenyewe baada ya mtu kukatwa sehemu ya mguu si ushujaa. Ni kodi iliyochelewa.

Lakini yote hayo yalifanyika kwa karatasi, na karatasi haina macho. Kilichobaki kilikuwa kitanda cha pili.

"Nimwambie mimi?" alimwuliza dada yake.

"Mimi nilimwambia yangu. Yako utamwambia wewe."

Alingoja hadi fundi alipoanza kuketi. Saa ya kuona wagonjwa alisimama kati ya vitanda viwili, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alieleza kwa maneno mepesi, bila agari wala milimita. Kwamba dawa ile ilipimwa vibaya. Kwamba jina lake lilikuwa kwenye kipimo hicho naye hakukiangalia. Kwamba alipojua, alimbadilishia dada yake kwanza, akamwacha fundi.

Fundi alisikiliza huku akivuta shuka kwenye mguu uliofungwa, analinyoosha, analinyoosha tena.

"Uliniona hapa," akasema hatimaye. "Ulikuwa unanipa chungwa."

"Ndiyo."

"Ulinimenyea."

"Ndiyo, mama."

"Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu miwili," akasema. Alikuwa anajiambia mwenyewe. Halafu akageuza uso kuelekea kwa dada, si kwake. "Lile shati, shoga, mwambie ndugu yako asingoje. Sitashona."

"Nimesikia," dada akajibu.

Alifungua mdomo aombe radhi, akaona kwamba radhi ingekuwa mzigo mwingine wa kumtwisha mgonjwa, wa kusamehe au kukataa. Akageuka aende mlangoni.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza. "Muda haujaisha. Keti."

Palikuwa na stuli moja tu, katikati ya vitanda viwili. Nesi aliingia na sinia la sindano. Mgonjwa mgeni, aliyeletwa asubuhi kwenye kitanda cha ng'ambo, aliinua kichwa akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta mazungumzo, "Mama, huyo bwana ni nani wako?"

"Mdogo wangu," dada akasema.

"Anafanya kazi gani?"

Dada alimtazama mdogo wake. Siku zote swali hilo lilikuwa karamu kwake.

"Muulize mwenyewe."

Mgonjwa mgeni alisubiri. Fundi cherehani naye alisubiri, macho kwenye shuka. Mtafiti aliketi kwenye stuli, magoti yake yakigusa vitanda vyote viwili, akatafuta pa kuanzia.